Chuo mtakachoweza kukilipia hadi mwaka wa mwisho: mwongozo wa hesabu kwa familia za Kigoma

Kijana anayemaliza kidato cha sita siku hizi hapa Kigoma amesoma shule za serikali bila ada. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, ya kidato cha tano na cha sita ikafuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Michango ilikuwepo, sare na nauli zilikuwepo, lakini mzazi hakuwahi kulazimika kukaa chini na kupiga hesabu ya mamilioni. Halafu matokeo yanatoka, ujumbe unaingia kwenye simu kutoka vyuo viwili vitatu, na siku za kuchagua ni chache. Nyumba nyingi huchagua kwa jina la chuo, au kwa mji, au kwa kuwa mtoto wa jirani alisoma pale. Nyingine huangalia ada peke yake. Kwa njia zote hizo kuna vijana waliorudi nyumbani mwaka wa pili na begi lao.

Mwongozo huu unazunguka swali moja tu: kila mwaka, mkopo wa serikali ukishatoa ulichotoa, nyumbani linabaki pengo la shilingi ngapi, na nani hasa atalijaza? Nimeandika nikiwafikiria wazazi wa Ujiji, Mwandiga, Kasulu na Kibondo. Wa Tabora nao wasome. Waondoe dagaa waweke tumbaku, hesabu itabaki ile ile.

Hatua ya 1: Makaratasi yaanze kabla ya mtihani

Hapa ndipo watu wengi wa mkoa wetu hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia miezi ilivyopangana. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Baada yake vijana wengi huitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu kambini. Matokeo hutoka Julai, dirisha la maombi ya mkopo likiwa wazi, na dirisha hilo kwa kawaida hufungwa karibu na mwisho wa Agosti. Kwa hiyo wakati fomu inamtafuta kijana, kijana yuko kwenye gwaride. Kwa nyumba za wavuvi kuna la ziada: tangu 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika husimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa limefungwa, mkono mtupu, na ndiyo miezi ambayo kila ofisi inataka elfu kadhaa. Fanya kazi hii Februari, Machi, Aprili, wakati dagaa bado wanaanikwa.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huo ndio unaoingia kwenye maombi ya mkopo. Kama mtoto alizaliwa nyumbani kijijini na cheti hakijawahi kuchukuliwa, hilo ndilo la kwanza kabla ya jambo lolote. Ofisi za RITA za wilaya zipo kwa mkuu wa wilaya.

Kisha toa cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viweke mezani sambamba, usome majina herufi kwa herufi. "Ramadhani" huku, "Ramadhan" kule. "Yohana" kwenye cheti cha kuzaliwa, "John" kwenye cha shule. Jina la babu lipo kwenye kimoja, kwenye kingine halipo. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunajua ni mtu mmoja, lakini mfumo wa kompyuta haujui ukoo. Tofauti hizo hurekebishwa kwa kiapo au hati ya kubadili jina mbele ya wakili au hakimu, na hazirekebishwi kwa siku moja.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Sisi ni mkoa wa mpakani, na uhakiki wa uraia hapa huchukua muda kuliko Morogoro. Kijana ataulizwa baba alizaliwa wapi, babu alizaliwa wapi, mtendaji wa kijiji anawafahamu au la. Mzazi aende naye, abebe vitambulisho vya wazee na barua ya serikali ya kijiji. Usimtume mtoto peke yake akajibu maswali ya maisha ya babu yake.

Yatima wanapewa uzito katika kupanga mkopo, ila uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo, nacho kihakikiwe na RITA. Nyumba ngapi za vijijini zilizika bila cheti? Kaburi linajulikana, msiba ulihudhuriwa na kata nzima, karatasi hakuna. Ukiwa na mtoto wa marehemu ndugu yako hapo nyumbani, shughulikia cheti hicho hata akiwa bado kidato cha tatu. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake ya kaya. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa.

Mdhamini naye awe na kitambulisho, na aambiwe ukweli kabla ya kusaini. Mjomba asishtuke baadaye.

Kabla kijana hajapanda gari la kwenda JKT, aache nakala za kila kitu, picha ndogo, na daftari lenye namba ya mtahiniwa ya kidato cha nne, barua pepe yake na nywila zake. Mkubaliane pia atasaini vipi fomu ikishachapishwa.

Hatua ya 2: Andika njia zote, hata ambazo hazina jina kubwa

Chukua karatasi. Usianze na chuo; anza na kazi ambayo kijana anataka kuifanya, kisha tafuta ni njia zipi zinafika huko.

Shahada ya moja kwa moja inahitaji angalau alama mbili za principal, yaani masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E, jumla yake isipungue pointi 4.0 kwa kozi nyingi (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), na kozi nyingine hutaka zaidi na katika masomo maalumu. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo inayosimamia na kutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka. Soma kitabu hicho, ni cha bure mtandaoni, na kinaeleza sifa za kila kozi kuliko bango lolote la barabarani.

Sasa njia za karibu. Kigoma mjini kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, TIA. Kuna kampasi ya wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA. Kasulu kuna vyuo vya ualimu, na Kabanga kuna chuo cha afya. VETA, chuo cha ufundi stadi, ipo. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa, kwa anayeweza kusoma huku akifanya kazi. Ukishuka Tabora utakuta chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, chuo cha utumishi wa umma, chuo cha ardhi, chuo cha reli, chuo cha ufugaji nyuki na chuo cha kilimo Tumbi. Watu hucheka wakisikia chuo cha nyuki. Wasicheke; asali ya Tabora na Kigoma inasafirishwa, na wenye stashahada ya kuisimamia si wengi.

Stashahada isidharauliwe hata na mwenye principal mbili. Mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye, na katikati hapo ameshaweza kufanya kazi. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada, lakini kwa kozi za vipaumbele tu, mfano afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Hakikisha kozi yenu imo kwenye orodha ya mwaka huo kabla ya kuitegemea.

Chuo chochote kisichotambuliwa na TCU, au na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa ngazi ya cheti na stashahada, kikatwe kwenye karatasi bila mjadala, hata kama msajili wake ni mtu wa dini na anaongea vizuri.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka mzima

Ada ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, ada ya TCU ya udhibiti ubora sh. 20,000, bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi imekuwa sh. 50,400 kwa mwaka. Kuna chumba, chakula, vitabu na nakala, nguo, na dharura. Na kwa sisi wa mwisho wa reli kuna nauli. Mkopo wa Bodi hauna kifungu cha nauli ya kurudi nyumbani. Wa Kibaha na wa Kibondo wanahesabiwa sawasawa. Treni ya mwendokasi inayotembea tangu 2024 inaishia Dodoma, kwa hiyo kipande cha Dodoma hadi Kigoma bado ni basi au treni ya zamani, siku nzima au zaidi, na mzigo wa godoro.

Hebu tufanye mfano. Binti wa Katonga, mama yake anauza dagaa, amekubaliwa kozi ile ile ya miaka mitatu katika vyuo viwili. Takwimu hizi ni za mfano; zenu mtaziweka kutoka kwenye fomu za kujiunga.

Chuo cha kwanza ni cha umma, Dodoma. Ada 1,300,000. Michango na bima 150,000. Hosteli ya chuo 200,000. Chakula siku 240 kwa 5,000, yaani 1,200,000. Nauli na mizigo 300,000. Vitabu na nakala 200,000. Dharura 150,000. Jumla 3,500,000.

Chuo cha pili ni binafsi, Dar es Salaam. Ada 2,200,000. Michango na bima 250,000. Hosteli imejaa, chumba mtaani 60,000 kwa miezi kumi, 600,000. Chakula kwa 6,000, jumla 1,440,000. Daladala 300,000. Nauli na mizigo 360,000. Vitabu 200,000. Dharura 150,000. Jumla 5,500,000.

Kwenye ada peke yake vyuo hivi vimeachana kwa laki tisa. Kwa mwaka mzima vimeachana kwa milioni mbili.

Hatua ya 4: Weka mkopo kwa sura tatu

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, haitoi fedha kwa kila aliyeomba wala kwa kiwango kimoja. Inapima uhitaji, inaangalia kipaumbele cha kozi, na bajeti ina mwisho. Inachoweza kugharamia ni chakula na malazi, ambacho wanafunzi hukiita bumu, pamoja na vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Bumu ilikuwa sh. 8,500 kwa siku, ikapandishwa hadi 10,000 mwaka 2022/23. Vitabu ni 200,000 kwa mwaka.

Ada ndiyo huchezacheza. Mmoja hupata yote, mwingine sehemu, mwingine hapati hata senti. Na ada ya chuo kuwa kubwa hakumaanishi mkopo wa ada nao utakuwa mkubwa. Bodi ina viwango vyake, tofauti inarudi nyumbani. Kozi za afya katika vyuo binafsi ndiko mapengo makubwa yanakopatikana, kwa sababu ada ni kubwa na miaka ni mingi.

Rudini kwa binti wa Katonga. Sura ya kwanza, kapata vizuri: bumu 2,400,000, vitabu 200,000, ada 1,300,000, jumla 3,900,000. Dodoma anabakiwa na laki nne mkononi. Dar bado kuna pengo la 1,600,000 kila mwaka.

Sura ya pili, kapata bumu na vitabu, ada hakuna: 2,600,000. Pengo la Dodoma ni 900,000 kwa mwaka, sawa na 2,700,000 kwa miaka mitatu. La Dar ni 2,900,000 kwa mwaka, 8,700,000 hadi amalize.

Sura ya tatu, hakupata kitu. Dodoma 10,500,000 kwa miaka mitatu, Dar 16,500,000.

Amua kwa sura ya pili. Kuipanga familia kwa sura ya kwanza ni kubahatisha, na kuipanga kwa ya tatu kutawafanya wengi wakate tamaa bila sababu. Ila sura ya tatu iwe na jibu lake limeandikwa: asipopata kabisa, tunafanya nini? Jibu linaweza kuwa stashahada hapa mkoani, au Chuo Kikuu Huria akiwa anafanya kazi, au kuahirisha mwaka mmoja na kuomba tena. Kuna masharti ya muda, kwa hiyo asikae nje miaka mingi akidhani mlango utamngoja: mwombaji asizidi miaka 35 na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano.

Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, ni kwa waliofanya vizuri kabisa katika masomo ya sayansi. Ukija ni neema. Usiuweke kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Lijueni deni kabla ya kuliogopa

Wazee wengi hapa wamesikia habari za watu waliokopa milioni tano wakajikuta wanadaiwa tisa. Habari hizo zilikuwa za kweli. Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Mwaka 2021 vyote viwili viliondolewa. Kilichobaki ni gharama ya uendeshaji ya asilimia 1. Kwa Waislamu wanaosita kwa ajili ya riba, mabadiliko haya yana uzito wake. Wawapelekee masheikh wao masharti ya sasa, wasiulize kwa kutumia ya zamani.

Kulipa huanza baada ya miaka miwili tangu kumaliza. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Tuseme binti yetu amekopa 12,000,000 kwa miaka mitatu. Ukiweka asilimia moja inakuwa 12,120,000. Akianza kazi kwa mshahara wa 800,000 atakatwa 120,000 kila mwezi, na deni litaisha kwa miezi 101, miaka minane na nusu hivi. Mshahara ukipanda, litaisha mapema. Aliyejiajiri naye anadaiwa; hakuna mwajiri wa kumkatia, kwa hiyo ni juu yake kujitokeza na kulipa.

Asilimia 15 inauma, hasa ukijumlisha kodi na mfuko wa pensheni na wadogo wanaosubiri. Mzazi anayemtegemea mtoto ajenge nyumba mwaka wa kwanza wa kazi apunguze matarajio. Lakini deni hili lina subira ambayo deni la mtaani halina. Chukua lile pengo la 900,000 na ulijaze kwa mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi: riba peke yake ni 180,000 kila mwezi, na baada ya miezi mitano umelipa laki tisa na bado unadaiwa laki tisa zile zile. Hakuna aliyewahi kusubiriwa miaka miwili na kausha damu. Wanakuja kuchukua friji.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Kigoma aombe vifungu vyote vya mkopo wa Bodi anavyostahili, na familia isikope mtaani hata shilingi kwa ajili ya chuo. Kama pengo haliwezi kujazwa bila kausha damu, chuo hicho hamkiwezi. Tafuteni cha bei ya chini.

Hatua ya 6: Kikao cha familia, na kalamu

Ahadi za kikao ni tamu. Baba mdogo wa Mwanza atalipa hosteli, shangazi atanunua kompyuta, kaka aliyeko Dar "atamwangalia". Andika kila ahadi, kiasi na mwezi wake, mbele ya mwenye ahadi. Halafu kwenye hesabu yako hesabu nusu tu. Si kwamba ndugu ni waongo. Nao wana watoto wanaofungua shule Januari.

Mambo matatu yajibiwe hapo hapo. Kwanza, nani anafuata shuleni? Kama mdogo wake yuko kidato cha nne, pengo la mwaka wa tatu wa mkubwa litakutana na mahitaji ya mdogo. Pili, pesa ya nyumbani inaingia miezi gani? Mwenye mawese, mwenye kahawa ya Manyovu, mwenye tumbaku Urambo, kila mmoja ana miezi yake. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Kama pesa yenu huingia Juni, itunzwe Juni, kwenye kikoba au akaunti, isingojee. Tatu, kipi hakiuzwi? Mtumbwi na mashine hazijazi pengo la mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa pili pengo linarudi na mtumbwi haupo. Shamba la michikichi linalozaa ni hivyo hivyo. Mbuzi wauzwe.

Kijana awepo kwenye kikao na aseme. Niliwahi kumsikia binti akimwambia baba yake, "Baba, mimi Dar naitaka kwa sababu ya rafiki zangu. Kozi ni ile ile." Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, umeshanisaidia." Kikao kikaisha mapema.

Hatua ya 7: Kujaza fomu

Maombi hufanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Bodi, na ada ya maombi imekuwa sh. 30,000, inayolipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Usimpe mtu mkononi.

Wa steshenari wanasaidia, wengi kwa uaminifu, lakini akaunti ifunguliwe kwa namba ya simu na barua pepe ya kijana. Ukitumia za mwenye duka, ujumbe wa Bodi utaenda kwake, naye ana mamia. Fomu ikishachapishwa isainiwe na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zipakiwe tena kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi huishia: wamelipa, wamejaza, hawakupakia kurasa zilizosainiwa, wakadhani wamemaliza. Ingia tena kesho yake uone maombi yanasomeka yamekamilika. Picha iliyopigwa kwa simu yenye kivuli haisomeki, iskaniwe.

Usiongeze umaskini wala kuuficha. Baba aliyeajiriwa halmashauri aandikwe ameajiriwa. Na mama anayeuza mawese kando ya barabara Mwandiga asijiandike "mfanyabiashara mkubwa" kwa heshima, kwa sababu fomu haimpi heshima, inampunguzia uhitaji.

Hatua ya 8: Majibu yakitoka

Mikopo hutangazwa kwa awamu. Jina kukosekana awamu ya kwanza si mwisho. Dosari kwenye maombi hutangazwa na muda wa kurekebisha hutolewa. Ingia kwenye akaunti mara kwa mara. Awamu zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa kwa ambao hawakupata au wamepata kidogo, na rufaa inayosikilizwa ni ile yenye karatasi mpya, mfano cheti cha kifo ambacho hakikuwepo mwanzo.

Aliyepata vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa msimbo anaotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa. Msithibitishe kwa pupa siku ya kwanza, wala msingoje usiku wa mwisho ambapo mtandao umelemewa. Toeni ile karatasi ya mapengo, msome sura ya pili, mthibitishe.

Andaeni pesa ya mlangoni. Bumu haimsubiri mwanafunzi getini. Inakuja baada ya kusajiliwa na kuthibitisha kwa alama za vidole, na kusajiliwa kwenyewe kunataka sehemu ya ada na michango. Kijana afike akiwa na pesa ya chakula ya mwezi mmoja, mbali na ada. Ikija, huja kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni 600,000. Kwa mtu wa miaka ishirini ambaye hajawahi kushika laki sita, hiyo inaonekana ni mali. Mkubaliane kabla hajaondoka: siku ile ile kodi na chakula kikavu vilipwe, nauli ya likizo itengwe kwenye akaunti ya pili, simu mpya ingoje. Asitume bumu nyumbani, na nyumbani msiiombe, hata ziwa likiwa limefungwa.

Mkopo wa mwaka wa pili unategemea matokeo ambayo chuo hupeleka Bodi. Kwa hiyo anayefeli anaongeza pengo kwa mkono wake. Kama somo limemshinda au anaumwa, apige simu nyumbani mapema na aende ofisi ya mshauri wa wanafunzi kuuliza taratibu za kuahirisha kihalali, kabla mtihani haujafika.